Majanga Yalipoitwa Sebuleni

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, fundi cherehani alifagia sebule, akaokota pini zote sakafuni, akabandika maji ya chai. Mwenye nyumba alikuwa amempa notisi ya kuhama, na watoto wake wawili walikuwa wamempigia simu kumshauri.

"Mama, huku kwangu usije," alisema binti. "Ardhi haitulii."

"Na huku mtoni ni mafuriko tu," alisema kaka yake. "Linganisha hatari kwanza, ndipo uhamie pahali salama."

Basi fundi akayaita majanga yaje yajieleze yenyewe.

Ukame hakuja, alituma salamu. Tetemeko alifika mapema, kijana mpole, akaombwa asikae karibu na kabati la vyombo. Vikombe viligongana hata hivyo.

"Shikamoo, mama. Sitakudanganya. Naweza kupotea miaka arobaini, halafu nikatokea siku moja bila hodi."

"Marahaba. Kama binti yangu," alisema fundi, akamsindikiza hadi mlangoni.

Mafuriko aliingia akilowesha zulia, akaomba radhi. Fundi hakuwa mtu wa kuamini maneno kabla ya kupima, kwa hiyo alitoa futi yake ya kushonea akampima kuanzia sakafuni. Alimfika kiunoni.

"Huwa unakuja lini?"

"Kila masika, mama. Sijawahi kukosa."

"Na unakaa?"

"Wiki hivi. Nikikaribishwa vizuri, mbili."

Fundi akammiminia kikombe cha pili.

Akapanga chumba bondeni, mtaa mmoja na mwanawe. Mwana alilalamika kwamba mama hasikii la mtu, akaahidi kupita Jumapili. Hakupita. Fundi aliinua kitanda na cherehani juu ya matofali, kupita kidogo kimo cha kiuno, akaendelea kushona.

Masika yalipoanza, Mafuriko alipiga hodi asubuhi, akaingia taratibu, akajaa chumbani bila kuangusha kitu. Nje ilipita boti ya uokoaji imewabeba mwana na mkewe. Nafasi iliyobaki ilikaliwa na friji yao. Mwana alimpungia mama dirishani, akaweka mkono sikioni kuonyesha kwamba atapiga simu.

"Watoto hawajambo?" aliuliza Mafuriko, akipokea chai.

"Hawajambo," alisema fundi. "Wana shughuli nyingi tu." Akamsogezea sukari.