Mchezaji Niliyemtukana

Kwenye mpira wa meza nina mkono mwepesi na mdomo mchafu. Kila nikipoteza pointi najitukana: "Mzembe wewe! Hufai hata kuokota mipira!" Mama amenikanya mpaka amechoka.

Kwenye nusu fainali, nikiwa nyuma kwa pointi tatu, nikajibwatukia tena. Mwamuzi, mama mtu mzima mwenye miwani, akasimamisha mchezo na kunionyesha kadi ya njano.

"Ya nini?" nikafoka.

"Umemtukana mchezaji."

"Nilikuwa najitukana mwenyewe!"

"Kwani wewe si mchezaji? Meza hii ina wachezaji wawili, mwanangu, na wote nawalinda."

Ukumbi mzima ukacheka. Nikaokota mpira, nikarudi mezani.

Pointi iliyofuata nikapiga mpira wavuni. Mdomo ukafunguka wenyewe, macho yakakimbilia mfuko wa mwamuzi wenye kadi. Nikameza tusi, nikavuta pumzi. "Haya dada, twende kazi," nikajiambia kwa sauti.

Ng'ambo ya meza, mpinzani wangu akabadilika uso. Mpaka dakika ile nilikuwa namsaidia kunishinda.