Toleo Jipya, Siku Tatu Kabla ya Harusi

Mume wangu Wanfa alikuwa mnadi wa samaki hapa Budai, mji wetu wa wavuvi, kwa miaka thelathini na moja, na sauti yake ndiyo iliyotulisha. Akianza kunadi kamba gatini, mke wa mchinjaji kule mtaa wa tatu alijua bei ya siku bila kutoka kitandani. Kisha tambuu alizotafuna tangu ujana zikamletea saratani ya koo. Madaktari wakamtoa koromeo lote, na tangu mwaka jana anayemsemea ni mwanamke mmoja aliyemo ndani ya simu.

Wanfa anaandika kwa kidole, mwanamke anasoma. Ana sauti safi, haharakishi, hakasiriki, na anajua Kimandarini tu, lugha ya shule na ofisi. Sisi nyumbani, sokoni, na hasa tunapogombana, lugha yetu ni Kitaiwani. Kimandarini cha Wanfa ni cha kuombea fomu posta.

Kosa ni lake mwenyewe, na nilimwambia hivyo hata akiwa kitandani hospitalini. Wiki moja kabla ya kupasuliwa alipewa karatasi zenye sentensi mia tatu azisome, wamrekodi, ili simu ije kusema kwa sauti yake halisi. Zilikuwa za Kimandarini. Wanfa akazipitia, akasema mdomo wake haukuumbwa kwa maneno hayo, akazisoma zote kwa Kitaiwani, akizigeuza papo hapo. Na kwa kuwa hajui kusimama mbele ya kipaza sauti bila kunadi, akazinadi. "Leo hali ya hewa ni nzuri" ilitoka kama ndoo ya mwisho ya kaa. Yule binti wa hospitali alimsihi, nami nikamsihi, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Programu haikujua Kitaiwani, ikazikataa sentensi zote mia tatu, na tulipokuja kuambiwa, koromeo lilikwisha ondoka. Nilimnunia mgonjwa siku kumi na moja. Sioni haya kusema.

Basi Jumatano ya wiki ya harusi ya binti yetu Pinyu, nikiwa jikoni napasua chaza, Wanfa aliingia mbio na kunisukumia simu usoni. Wenye programu walikuwa wameandika: toleo letu jipya linajua Kitaiwani, na linaweza kutumia rekodi zako za zamani. Chini yake kulikuwa na sharti. Toleo hilo linafanya kazi kwenye mfumo mpya wa simu tu, na mfumo wenyewe ulikuwa umetoka asubuhi ile ile. Vitufe vilikuwa viwili: "Sasisha sasa" na "Nikumbushe baadaye".

"Baba, hapana!" Pinyu, aliyechungulia begani mwangu, alisema kabla hajamaliza kusoma. "Umetoka leo! Waache wengine watangulie, wakiungua tutasikia kelele zao. Harusi ni Jumamosi, na maneno ya kutuaga ni ya baba wa bibi harusi. Simu ikigoma, utasimama mbele ya wakwe ukiwa bubu. Haraka haraka haina baraka."

Wanfa akaandika. "Ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema mwanamke wa simu, kwa upole.

Tukampigia mchumba, Shengkai, tukamwona kwenye kioo cha simu ya Pinyu akiwa na kofia ya kiwandani. Ni mhandisi wa chipu za kompyuta kule Hsinchu, kijana mwenye adabu mpaka inachosha.

"Baba, samahani sana," alisema. "Sisi huku kazini, mashine inayotembea haiguswi. Na kabla ya sikukuu ndiyo kabisa, maana ikigoma, fundi utampata wapi?"

"Hatuwezi kujaribu kwenye simu yako kwanza?" nikamwuliza.

"Haikubali, mama. Inamtambua mwenye sauti kwa simu yake na namba yake tu, matapeli wasije wakaiba sauti za watu. Na ukishasasisha, kurudi kule kwa zamani hakuna."

Nikafuta mikono. "Basi. Jumatatu tutasasisha. Mzee, umesikia? Jumatatu. Umekaa mwaka na huyo mwanamke, utashindwa siku tano?"

Wanfa akabonyeza "Nikumbushe baadaye", akatoka nje, na uji wake wa mchele akauacha mezani. Nikausema peke yangu ule uji mpaka ukapoa.

Kesho yake asubuhi nilikwenda stoo kuchukua taulo za wageni, nikamsikia yule mwanamke upande wa pili wa mlango. Wanfa alikuwa akifanya mazoezi. Kwetu, kabla bibi harusi hajatoka, yeye na bwana wake hupiga magoti mbele ya wazazi, na baba huwapa maneno ya heri. Wanfa alikuwa ameyaandika maneno hayo kwa Kitaiwani, nadhani kwa siku nyingi, maana yalikuwa marefu. Lakini yule mwanamke aliyasoma kwa matamshi yake ya Kimandarini, na maneno ya heri yakatoka vipande vipande, hayana kichwa wala miguu. Akafuta neno, akarudia. Akafuta, akarudia. Mara ya sita au ya saba akaacha.

Kisha nikasikia: "TAFADHALI NIPATIE GLASI YA MAJI!"

Taulo zilinidondoka. Ilikuwa ni sauti ya Wanfa. Alikuwa akizisikiliza zile rekodi zilizokataliwa, moja baada ya nyingine. "BASI LA SAA NNE LIMEPITA?" "MKE WANGU ANAPENDA MAUA!" Nilikuwa nimejisahaulisha sauti ile, kwa kuogopa kwamba nikiikumbuka sitaweza kupika wala kufagia. Nilisimama pale nikalia kama mtoto, nikielewa kwamba mimi nilikuwa na hofu ya Jumamosi, na yeye mwenzangu alikuwa amefungiwa katika ububu mwaka mzima, akijisikiliza mwenyewe nyuma ya mlango wa stoo.

Nikaingia bila kubisha, nikamnyang'anya simu.

"Unasikiliza sentensi za hospitali leo?" nikamwambia. "Mwaka jana ulipoambiwa usome vizuri ulikuwa wapi, we kichwa ngumu?"

Nikabonyeza "Sasisha sasa". Simu ikauliza kama nina hakika. Nikabonyeza tena. Wanfa akanishika mkono kwa nguvu, nami nikamwacha aushike.

Shengkai alifika saa nne kwa treni ya kasi, amechukua likizo mapema. Simu ilikuwa juu ya meza ya sebuleni, giza tupu, na mstari mwembamba uliokuwa umefika theluthi. Hakusema "si nilikwambia". Alifungua begi, akatoa pakiti ya kijani ya bisi za mahindi, ile wanayopenda watoto, akaichunguza tarehe, akailaza kwa heshima ubavuni mwa simu.

"Hii ya nini?" nikauliza.

"Ni ya kuitulizia mashine, mama. Kiwandani kwetu kila mtambo una yake. Lazima iwe ya kijani. Ya njano au nyekundu ni balaa, na ikipita tarehe ni balaa zaidi."

"Yaani umesoma mpaka shahada ya pili uje uabudu bisi?"

"Mama, kabla ya shahada ya pili nilikuwa siamini."

Nilicheka, na kwa mara ya kwanza nilimpenda kijana yule. Wanfa naye alikuwa ameshainyoosha mikono kuifungua pakiti.

"Baba, usile! Baba! Ikiliwa tumekwisha!" Shengkai alipiga kelele, adabu yote pembeni.

Simu iliwaka saa tano kasoro. Wanfa akamfungua yule mwanamke ili amjulishe Pinyu kwamba mambo ni shwari. Hakufunguka. Kioo kikasema programu hii haifanyi kazi kwenye mfumo huu. Tukapakua toleo jipya, likapokea rekodi zote mia tatu, likatuandikia: tunatayarisha sauti yako, saa ishirini na sita, usizime simu. Chini, kwa herufi ndogo, liliongeza kwamba baadhi ya rekodi huenda zisifae.

"Mama, umemnyamazisha," Pinyu alisema. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. "Hata kile kidogo alichokuwa nacho umekitoa."

Maji nilikuwa nimeyavulia nguo, na sasa nilikuwa nayaoga mbele ya watu. Wanfa alichana ukurasa wa kalenda, akaandika nyuma yake, akamwonyesha mwanawe: "Usimlilie yule mwanamke. Hakuwa ndugu yetu."

Ijumaa saa saba mchana simu ikalia. Nilitoka jikoni mbio, unga mikononi, lakini Wanfa alikwisha ichukua na kupanda baiskeli yake kuelekea kwenye ukuta wa bahari. Alikaa huko saa nzima. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu, na usoni hakikusomeka kitu.

"Imekubali?" nikauliza. "We mzee, imekubali au haijakubali?"

Akachukua kalamu. "Kesho," aliandika.

"Kesho nini? Kama haikubali tumwombe kaka yangu aseme, bado kuna muda!"

Akaipigia mstari ile "Kesho" na kwenda kunyoa ndevu. Nilimtupia kitambaa cha vyombo, kikamkosa.

Jumamosi saa mbili asubuhi wakwe walifika, fataki zikalia, mtaa mzima ukatoka nje kutazama. Pinyu na Shengkai walipiga magoti sebuleni, na watu wote wakamtazama Wanfa. Alikuwa amevaa suti yake moja, mkononi simu. Akabonyeza.

"PINYU! UMEKUA!"

Mama mkwe aliruka. Ilikuwa ni sauti ya Wanfa, ile ile ya gatini, kila neno likiwa juu ya mwenzake kama anawahi mteja asiondoke. Programu ilikuwa imejifunza kutoka kwa mtu anayenadi, na kunadi ndiko ilikokujua.

"SHENGKAI! NI BINTI MZURI! HASIRA ANAZO, ZA MAMA YAKE! AKIKASIRIKA, NYAMAZA! MIMI NIMENYAMAZA MWAKA MZIMA, NA SIJAFA!"

Watu waliangua kicheko, na katikati ya kicheko nikawaona wavuvi wa zamani, wateja wake, wanajifuta macho kwa mikono. Pinyu alikuwa analia na kucheka, vipodozi vyote vimeharibika. Sikumgombeza, maana hata vyangu vilikuwa hivyo hivyo.

Kisha wakaingia garini. Dada yangu mkubwa, Siokim, akanipa beseni la maji. Kwetu mama humwaga maji nyuma ya gari la bibi harusi: binti aliyeolewa ni maji yaliyomwagwa, hayarudi. Mama yangu alinimwagia hivyo hivyo, na sikuwahi kujiuliza nilijisikiaje. Gari lilikuwa limeshaanza kunguruma. Nikaliinua beseni.

Wanfa akanisukumia kiganja kunizuia. Kwa mkono mwingine alikuwa anaandika, haraka, akikosea, akifuta. Dereva akasubiri. Mtaa mzima ukasubiri.

"ASUAT! USIMWAGE! MWANANGU SI MAJI! PINYU! UKICHOKA, RUDI! UKIGOMBANA, RUDI! HATA UKIWA NA RAHA, RUDI! MLANGO UKO WAZI!"

Pinyu alitoa kichwa na mikono yote miwili dirishani, akapunga mpaka gari lilipokata kona. Mimi nililiweka beseni chini, polepole, tone lisimwagike.

"Asuat," Dada Siokim alininong'oneza, amekunja uso, "na desturi je?"

"Kwani, dada, hukumsikia mwenyewe?" nikamwuliza, kwa fahari ambayo sikujaribu kuificha. Alikuwa amemsikia. Na mke wa mchinjaji, kule mtaa wa tatu, alikuwa ameshafungua dirisha.