Ukumbi wa Pili na Kiatu cha Ngozi

Kambi yetu ya jeshi ya Dhurkot, huku milimani, imekuwa na kumbi tatu za kulia, na sasa wanajenga wa nne. Jana ofisa mmoja kijana alinijia. "Babu Chandramani, wewe umepika hapa tangu enzi za Waingereza, tusimulie." Nikamsimulia wa kwanza, turubai chini ya mierezi. Wa tatu anaujua, una meza na benchi. Nilipofika kwenye wa pili nikasingizia kikohozi. Haya, nitausema hapa.

Ulikuwa wa mawe, paa la mabati juu ya boriti za mwerezi. Askari walikula chini, wamekaa kwa mistari, miguu mitupu, mikanda na buti wameziacha mlangoni. Ngozi ya ng'ombe ikigusa chakula, kimenajisika chote, na watu wananyanyuka na njaa yao. Vinginevyo mtu hanyanyuki kabla mstari wote haujamaliza, maana hilo ni tusi kwa wenzake. Mpishi ilibidi awe Mbrahmini kama mimi, wa tabaka la makuhani wa Kihindu, ili kila mtu aweze kula chakula cha mkono wake. Waliniita Maharaj, jina la heshima la mpishi, hata wakinitukana.

Mwaka ule theluji ilianguka bila kupumzika. Mchana wa sikukuu ya kikosi nilikuwa nagawa wali, nikasikia boriti ya kati inalia. Haukuwa mlio wa kila siku. Vumbi la mbao likadondoka kwenye dengu. Nikatazama juu, nikaona ufa wa kuingia kiganja. Chini ya ufa ule ule alikuwa amekaa mdogo wangu Pitambar, naye askari, mtoto wa mwisho wa mama yetu, anakula kwa raha zake.

Nikamwendea Subedar Madho Singh, mkubwa wa askari wenyeji, aliyekaa mwanzo wa mstari.

"Subedar Sahebu, paa linakuja. Watoe watu."

"Maharaj, wewe paa lako linakuja tangu baridi ianze. Mara linavuja, mara lina nyoka. Unataka jiko jipya, sema!"

Ukumbi mzima ukacheka.

"Nakuapia kwa hekalu la Badrinath, Sahebu, tazama juu mwenyewe!"

"Nikitazama juu nani atanilia wali wangu? Endelea kugawa. Na atakayenyanyuka kwa uoga wa mpishi, nitamvisha bangili za mkewe."

Sasa nani angenyanyuka hapo? Boriti ikalia tena. Nikatua sufuria chini. Nikainama kwa Pitambar. "Toka, mdogo wangu. Toka sasa hivi."

"Kaka, si wewe uliyenifunza?" akasema, mdomo umejaa. "Mtu haachi mstari."

Nikaenda mlangoni. Nilijua nikifanya ninalofikiria huenda watanipiga mpaka nife. Nikavaa buti la kwanza nililolikuta, nikarudi mbio, nikatumbukiza mguu kwenye sufuria ya wali.

Wakanyanyuka kama nyuki.

"Mbwa wee! Mshikeni!"

Nikakimbia, na ndani ya hofu yangu nilikuwa na furaha, maana niliwasikia wote nyuma yangu, miguu mitupu kwenye theluji. Wakanikamata karibu na banda la kuni. Subedar mwenyewe akanikaba shingo. Huku napigwa, nilikuwa natafuta sura moja tu kati ya zile sura za hasira. Sikuiona.

"Pitambar yuko wapi?"

Askari mmoja akatema mate. "Huyo hana haya! Amebaki anakula. Eti wali wa kaka yake haunajisiki, hata kaka mwenyewe aingie na buti."

Nikapiga kelele jina lake mpaka sauti ikakatika. Akanijibu kutoka ndani, kwa kicheko chake kile kile.

"Usiogope, Kaka! Namalizia, nakuja kukuamulia!"

Paa likashuka.

Vidole vya Subedar vikalegea shingoni mwangu. Wale waliokuwa wakinipiga wakafukua theluji na mabati kwa mikono mitupu, na mimi pamoja nao, buti lenye wali bado liko mguuni. Askari wote walikuwa nje isipokuwa mmoja. Tulipomtoa alikuwa ameshakufa, na wali ungali kwenye kiganja chake.

Ukumbi wa tatu ulipojengwa, Subedar Madho Singh ndiye aliyeomba meza. Akaomba watu wawe wanakula na buti zao miguuni, na anayetaka kunyanyuka anyanyuke. Vijana wanadhani ni mambo ya kisasa. Wanapita na buti jikoni kwangu, hadi kwenye sufuria za wali, wanacheka. Mimi kila nikisikia buti karibu na wali, ninaacha kugawa, ninatazama juu.