Nimesoma na Ninakubali

Jani la isale lilikuwa limechomoza nje ya mkoba wa Ndeshi, na kila Mmeru aliyepishana naye mtaani Kijenge alijua kwamba binti huyu amemkosea mtu na anakwenda kuomba radhi. Alilisukuma ndani. Likachomoza tena, kwani isale ni refu na mkoba ulikuwa wa kompyuta.

Mama yake ndiye aliyelikata asubuhi, kwenye ua wa nyumbani Kikatiti. "Mpelekee huyo mzee wako," alisema. "Aliyeletewa isale hakatai. Hata kama moyo unachemka, atasamehe."

Kosa lenyewe lilianza kwa wema, kama makosa mengi ya watu wenye akili. Mzee Mustansir, muuza nyuzi na vifungo, alikuwa akicheza mchezo wa kompyuta na mdogo wake Mohsin aliyehamia Kanada. Wazee hao wawili, kila mmoja na miwani yake, walikuwa wameijenga upya mchezoni nyumba ya baba yao iliyobomolewa zamani: ngazi, roshani, hata mstafeli wa uani. Ilikuwa kazi ya miaka sita, na yote ilisimama kwenye akaunti ya Mustansir. Ndeshi, aliyepanga chumba juu ya duka na kuishi kwa kuandika programu, alimwona mzee akiwaacha wateja ili achungulie kama Mohsin ameongeza tofali. Akamwonea huruma. Akamtengenezea maktaba, yaani fungu la msimbo linaloingia kwenye jukwaa la michezo badala ya mwenye akaunti, likachungulia, likaleta habari kwenye simu. Wenye jukwaa hawakuitoa maktaba hiyo wala hawakuibariki.

Mzee alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara haweki saini kwenye asichokisoma. "Wenyewe wanaruhusu?" aliuliza.

"Wanaruhusu, mzee. Nimesoma masharti."

Hakuwa amesoma hata mstari mmoja. Alikuwa amebofya "Nakubali" kama tunavyobofya sote, mkono ukitangulia macho. Wenzake mtandaoni walibishana kila siku: huyu akisema maktaba za namna hiyo zinavunja masharti, yule akisema kuchungulia tu si kosa, na mbona kila mtu anazitumia. Ndeshi alichagua jibu lililomfaa, akampa mzee kana kwamba amelitoa kitabuni.

Wiki tatu baadaye akaunti ikafungwa kabisa, na nyumba ikaenda nayo. Barua ya jukwaa ilitaja "matumizi yasiyoruhusiwa", basi. Lakini kilichomchoma Ndeshi si barua. Ni sauti ya mzee iliyopanda kupitia sakafu ya mbao: "Nisamehe, Mohsin. Ni uzee. Lazima nimebonyeza mahali nisipopajua." Siku tisa mzee aliomba radhi kwa kosa lisilo lake, na siku tisa Ndeshi alitokea mlango wa nyuma ili wasikutane. 

Sasa, jani likiwa mkobani, aliingia kwa mlango wa mbele wa duka, akamkuta mzee akipima zipu kwenye kaunta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Ndeshi. Umepotea." Alimsogezea kigoda. "Umekuja wakati mzuri. Nilitaka uniangalizie, nilibonyeza nini?"

Mkono wa Ndeshi ulikuwa tayari umelishika jani. Akilitoa sasa, mzee atakubali kabla ya kujua anakubali nini. Alikujua vizuri kukubali kwa namna hiyo. Akaliachia.

"Hukubonyeza kitu, mzee. Ni ile maktaba yangu. Na masharti sikuyasoma. Nilikudanganya."

Mustansir aliikunja tepu ya kupimia, polepole, mpaka ikaisha.

"Nilimwambia Mohsin ni uzee."

"Nilisikia."

"Ulisikia," alirudia mzee.

Ndeshi alitamani ardhi ipasuke. Mzee akauonyesha mkoba kwa kidevu. "Na hilo?"

"Isale. Mama alinipa."

"Nimezaliwa mji huu. Ungelitoa, ningebanwa."

"Ndiyo maana limebaki humo, mzee."

Mustansir aliiweka tepu kando. Alichukua simu, akampigia ndugu yake, akailaza kwenye kaunta sauti ikiwa wazi. "Mohsin, kaa chini. Kuna mtu anatusomea kitu." Kisha akamgeukia Ndeshi. "Yafungue hayo masharti. Anza mwanzo. Kwa Kiswahili."

Ndeshi alifungua kompyuta, akasoma akitafsiri. Kwenye kifungu cha nne alikwama. Kilikuwa kifupi, mtoto angekielewa: usiruhusu programu yoyote isiyo yetu kuingia kwa niaba yako. Akakisoma kwa sauti, Mohsin akisikiliza.

"Umefika mwisho?" Mustansir aliuliza.

"Bado, mzee. Zimebaki kurasa kumi na moja."

Mteja aliingia akitaka uzi mweusi. Mzee alimwomba asubiri kidogo, akavua miwani, akaketi mkabala na Ndeshi.

"Endelea," alisema.