Seneta wa Ohio Amelala

Rashonda Pickett alijaliwa kipaji kimoja tu, na mji mzima wa Bellwood, Georgia, ulikijua: mdomo. Alianza kusema kabla ya kutambaa, na tangu siku hiyo hajapumzika. Kwaya ya kanisa ilimtoa kwa kupiga soga katikati ya beti. Sasa tatizo la somo la Serikali ni kwamba mtihani wake haufanywi kwa mdomo, unafanywa kwa kalamu, na kwenye kalamu binti huyu alikuwa mtupu kabisa. Aprili ya mwaka wa mwisho ilimkuta na alama sitini na moja. Bila sabini humalizi shule, na usipomaliza huvai joho mwezi Mei pamoja na wenzako.

Hayo yangekuwa masaibu ya kawaida tu kama si kofia. Bibi yake, Ernestine, ndiye aliyemlea, na mwezi Machi alikuwa amekwisha kununua kofia ya mahafali: ya zambarau, ina nyoya, na upana wake ni wa kumnyima jua mtu wa kiti cha pili. Ilikaa juu ya kabati ndani ya boksi lake, na kila Jumapili Bibi Ernestine aliwakumbusha waumini kwamba ipo na kwamba Mei haiko mbali. Kila alipouliza, "Na Serikali je, mwanangu?" Rashonda alijibu, "Serikali? Bibi, hiyo naimeza kama maji." Mwongo mkubwa! Alikuwa hajui hata maseneta wako wangapi.

Mwalimu wao alikuwa Bwana Odom, mwanamume mwembamba wa tai ya kipepeo, aliyeipenda katiba kuliko chakula chake cha mchana. Kwa kazi ya mwisho ya mwaka aliligeuza darasa kuwa Seneti ya mwaka 1964, ile iliyojadili Mswada wa Haki za Kiraia, wa kuwafungulia watu weusi milango ya migahawa, hoteli na kazi. Wanafunzi ishirini na nne walichota karatasi ndani ya kofia, kila mtu na jimbo lake na upande wake. Rashonda akafungua yake, akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo zaidi.

"Mwalimu, hapa kuna makosa. Mimi ni seneta wa Kusini. Mpinzani, tena msemaji wao."

"Hakuna makosa."

"Niangalie vizuri, Mwalimu. Mimi, mtu mweusi, ndiye wa kupinga huo mswada? Mimi?"

"Karatasi haina macho, Rashonda," alisema Bwana Odom, na darasa likaangua kicheko. Kisha akaeleza kanuni. Kwenye Seneti ya kweli, mtu akishapewa nafasi ya kusema anaweza kuongea mpaka miguu imgomee, na mradi anaongea, kura haipigwi. Wapinzani wa mwaka ule walipokezana kuongea zaidi ya miezi miwili ili mswada ufie mikononi mwa wenzao. Dawa yake ilikuwa moja tu: theluthi mbili ya maseneta wapige kura ya kumfunga msemaji mdomo. Darasani theluthi mbili ilikuwa watu kumi na sita. "Ukiongea mpaka kengele ilie, dakika hamsini, mswada umekufa na wewe unapata mia," alisema. "Wakikunyamazisha, unapata hamsini."

Hesabu ya namna hiyo Rashonda aliijua. Mia ingemvusha sabini, hamsini ingemzamisha.

"Niongee tu? Kitu chochote?"

"Chochote. Ila usikae, usiegemee, usile, usitoke hata kwenda msalani."

Jamani! Rashonda alitamani kumbusu. Miaka kumi na miwili walimu walikuwa wakimwambia anyamaze, leo mmoja anampa mia aongee. Kuupinga mswada kulimkera kidogo moyoni, lakini akajiambia ni mchezo tu, na sheria ya kweli ilipita zamani, kabla mama yake hajaanza shule.

Lililomtisha ni kwamba wazazi walialikwa, na bibi yake angemkuta upande wa wapinzani. Barua ya mwaliko aliichana vipande vinane akavitupa kwenye mapipa mawili tofauti. Alijisumbua bure. Bellwood ina Dada Lavonia Broadnax, ambaye mjukuu wake Candace yumo darasa lilelile, na habari ikishaingia kwa Dada Lavonia imekwisha kufika kanisani.

Siku ikafika. Candace, msichana aliyezaliwa kuamuru watu, alichaguliwa rais wa Seneti akapewa nyundo. Upande wa kuunga mkono ulikuwa na watu kumi na sita kamili, hapungui wala hazidi mtu. Wa kumi na sita ndiye aliyempa Rashonda matumaini, maana alikuwa Dewitt Sams, Seneta wa Ohio, na Dewitt alikuwa usingizini tangu darasa la tisa. Mwaka juzi kengele ya moto ililia, shule nzima ikatoka uwanjani, Dewitt akakutwa palepale amelalia kitabu chake cha jiografia. Wala wenzake wasingeweza kumtikisa. Mwaka uliopita wavulana wawili walishikana mashati kwa kugombea Texas, na tangu hapo Bwana Odom akaweka sheria: seneta hamgusi seneta.

Rashonda akasimama, akakohoa kidogo, akaanza. Hakusema lolote dhidi ya mswada, hilo ulimi wake ulikataa. Alisimulia ndoto zake za wiki nzima. Alitaja vituo vyote vya basi la shule kwa mfuatano, akavirudia kinyumenyume. Alitoa chupa ya shampuu mfukoni akasoma kilichomo, na jina moja la kemikali lilimchukua dakika nzima. Candace aliita kura ya kumnyamazisha mara ya kwanza, mikono kumi na mitano ikainuka, Ohio ikakoroma.

"Seneta wa Ohio!" Candace alipiga nyundo. "Dewitt! We Dewitt!"

"Mheshimiwa Rais, nadhani Seneta wa Ohio anatafakari," alisema Rashonda, akaendelea na shampuu.

Muda si muda mlango ukafunguka, akaingia Bibi Ernestine. Alivaa gauni jeupe na glavu nyeupe, maana saa nane alikuwa na zamu kwenye mazishi. Kanisani kwao alikuwa mhudumu wa mlangoni kwa miaka thelathini: kuwapeleka watu kwenye viti, kuwapepea waliozidiwa na Roho, na kuwaamsha wanaosinzia wakati wa mahubiri. Bwana Odom akamnong'oneza kwamba wageni wasitoe sauti hata kidogo, naye akaitikia kwa kichwa. Alikaa nyuma kabisa, kando ya Dada Lavonia. Akapewa karatasi ya ratiba, akavaa miwani, akasoma jina la mswada, kisha akashuka mpaka kwenye orodha ya wapinzani. Akasoma tena. Halafu akainua macho, na Rashonda akasahau alikuwa amefika wapi.

Tangu hapo mambo yalianza kumwendea mrama. Vitabu vya Biblia alivitaja vyote, na viwili alivitunga mwenyewe. Ilipofika dakika ya arobaini hakuwa na kitu tena kichwani isipokuwa kimoja, na hicho kilikuwa siri: mkate wa mahindi wa bibi yake, ambao uliwashinda wanawake wote wa kanisa kuuiga. Afanyeje? Mtu anayezama hachagui ubao.

"Unachukua sufuria ya chuma," alisema, bila kutazama nyuma. "Unaipasha moto kabla, halafu unatia mafuta ya nguruwe..."

Dada Lavonia alitoa kalamu haraka, akaanza kuandika kwenye mgongo wa ratiba. Bibi Ernestine aliyahamisha macho yake kutoka kwa Rashonda, akayatuliza juu ya kisogo cha Dewitt.

Dakika ya arobaini na saba Candace aliita kura ya mwisho. Mikono kumi na mitano ikapanda. Rashonda hakuwa na wasiwasi, dakika tatu ni nini? Ndipo alipomwona bibi yake ananyanyuka. Alitembea kwa vile viatu vyake vya kanisani, ambavyo hata ubao wa sakafu hauvisikii, mkono mmoja mgongoni, mpaka nyuma ya Seneta wa Ohio. Bibi hakuwa seneta, na aliambiwa asitoe sauti, kwa hiyo sheria hata moja hakuvunja. Akatoa vidole viwili vya glavu nyeupe akamfinya chini ya sikio, pale anapojua yeye.

Dewitt amekulia kanisa hilohilo. Huo mfinyo anaujua tangu akiwa na miaka mitano. Aliruka wima, mkono juu, akapaza sauti: "Amina!"

"Kumi na sita!" Candace alipiga nyundo mpaka kichwa cha nyundo kikachomoka.

"Hiyo si kura! Ni amina!" alilia Rashonda.

"Mkono umeinuka," alisema Bwana Odom, huku akijiuma midomo asicheke. "Mjadala umefungwa. Pigeni kura ya mswada."

Mswada ukapita, kumi na sita kwa wanane, Dewitt akiuliza kila mtu ni mswada gani. Kengele ikalia. Bibi Ernestine alisema "Haleluya" kwa sauti, kisha akajiziba mdomo kwa glavu, na mabega yakaanza kumtetemeka. Alikuwa analia.

Kwenye maegesho Rashonda alimfuata mpaka kwenye gari, hasira zimempanda na machozi yako karibu. "Bibi, umenimaliza! Unajua umefanya nini? Nilikuwa nahitaji ile mia! Serikali nimefeli, haya, nimesema! Nina sitini na moja. Ile kofia yako hutaivaa Mei. Na yote kwa sababu ya mkate wa mahindi!"

Bibi Ernestine aliweka mkoba juu ya gari, akamtazama. "Sitini na moja?"

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unaimeza kama maji."

Rashonda akazisoma namba za gari, moja baada ya nyingine.

"Kwanza, huo mkate," alisema Bibi. "Nilikujua wewe na mdomo wako tangu mdogo. Siri niliyokupa haikuwa yenyewe. Mwache Lavonia apike, tutacheka Jumapili." Kisha akavua glavu moja, polepole, kidole kimoja kimoja. "Mwaka ule wa mswada nilikuwa napiga pasi kwa watu, na redio ilikuwa jikoni. Kila jioni babu yako akitoka kwenye kiwanda cha mbao swali lake lilikuwa moja: 'Stine, wamenyamaza?' Namwambia bado. Kesho yake anauliza tena. Alitaka kunipeleka nikale kwenye ule mgahawa wa mbele ya mahakama, tukae viti vya mbele, niagize pai. Alikwisha kuweka pesa kando. Mwezi Mei moyo ukamsimama kazini. Tulimzika wao bado wanaongea."

Rashonda alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Bibi, ule ulikuwa mchezo tu. Kama ningekwambia mapema kuhusu alama..."

"Ungeniambia mapema, ningekukalisha mezani kila siku na kitabu. Lakini yule mtoto?" Akatikisa kichwa. "Ningemwamsha hata hivyo, mwanangu. Hata ungekuwa unagombea urais."

Akavaa tena glavu yake akaenda kuzika watu. Mei ilipita na kofia ikabaki kabatini. Kiangazi kizima Rashonda alisoma Serikali upya shuleni asubuhi, na alasiri akaisoma tena kwenye meza ya jikoni, na Bibi akimhoji huku akimenya pichi. Rashonda alipokosea, alisimama. Alipopatia, alikaa. Kufikia Julai alikuwa anakaa sana, na mtihani ulipokuja akapata themanini na nne.

Vyeti vya kiangazi hutolewa Agosti, kwenye bwalo la chakula, bila kwaya wala maua, na feni moja inayozunguka inapojisikia. Wahitimu walikuwa sita. Wageni wa kila mmoja walikuwa wawili watatu, ila wa Rashonda walikuwa saba: wahudumu sita wa mlangoni, Dada Lavonia akiwemo, wote na glavu, na katikati yao kofia ya zambarau na nyoya lake. Watu wa nyuma walilalamika hawaoni kitu. Bibi Ernestine aliwaambia wahamie kando, maana yeye hakuinunua aje kuivua.

Mkuu wa shule akaanza kusoma majina. Aliita Pickett, na yale makofi yaliyotoka safu ya pili yalimfanya mpishi achungulie dirishani. Rashonda akapokea cheti, akarudi kitini, akakishika kwa mikono miwili. Alikuwa na mengi ya kusema, lakini safari hii aliyaacha yakae.

"Dewitt Sams," mkuu wa shule aliita.

Hakuna aliyesimama.

"Dewitt Sams?"

Safu ya pili, Bibi Ernestine alikuwa amekwisha kuanza kunyanyuka. Rashonda akageuka akamwonyesha mkono: kaa, Bibi. Kisha akainama kwenye kiti cha jirani yake, akatoa vidole viwili, akamfinya Dewitt chini ya sikio.