Kikombe cha Watu wa Kisima

Baridi ya Njombe haina adabu, lakini Jumapili hiyo Polikarpo alikuwa anatoka jasho. Alikuwa ameketi sebuleni kwa Mwalimu Lucia, jiko la mkaa karibu na miguu, vikombe vitatu vya bati mbele yake, kama mtoto anayesubiri majibu ya mtihani. Na kweli aliuona kuwa mtihani, ingawa aliyeutunga ni yeye mwenyewe.

Mchezo wenyewe uliletwa na Mzungu wa kujitolea aliyefundisha hesabu hapo Njombe, kisha akarudi kwao akimwachia Lucia dadu za ajabu na kitabu kinene chenye picha za majoka. Lucia akakitafsiri, akapunguza majoka, akaongeza mvua. Kila mchezaji alijitungia mtu wake, naye Lucia akawa msimulizi wa dunia yao: hapa pana mto, pale pana mlinzi, unafanyaje? Dunia hiyo ilikuwa na makundi matatu yasiyopatana. Wachukuzi wa Njia Kuu walishika barabara na misafara, Watu wa Kisima walishika maji ya milimani, na Nyumba ya Majivu, wachawi hao, walishika hofu. Mchezaji alikuwa na kikombe kimoja kwa kila kundi, na heshima yake ilikuwa maharage. Ukilitendea kundi jema, harage linaingia, ukilikosea, linatoka. Kikombe kikijaa, kundi linakupa tuzo: farasi, muhuri wa kupita langoni, hata kiti barazani.

Sheria moja haikuwamo kitabuni. Lucia alikuwa binti wa Kibena aliyelelewa kuomba radhi kwa mdomo wake, si kwa kutuma mtu. Basi alitaka harage litolewe na mwenye kikombe, kwa mkono wake, akitaja sababu mbele ya wote. Hapo wengi walikwama. Mtu alikuwa radhi kuchoma ghala zima la watu, lakini akiambiwa aseme kwa nini, anakuna kichwa.

Polikarpo alikuwa fundi baiskeli Makambako, mzaliwa wa Mlangali. Mwenzake mezani alikuwa Mansoor, kijana wa Makambako mwenye malori mawili ya baba yake. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa wote, na kila mwenye gari alikuwa anatafuta pa kutokea. Mansoor alitaka wakala wa kukaa Manda, kule ziwani, apokee samaki kutoka kwenye mitumbwi na kulinda ghala. Polikarpo aliitaka kazi hiyo mpaka usingizi ukamkimbia. Kutoka Manda angeweza kumfikia mama yake Mlangali, ambaye alikuwa peke yake na macho yanafifia. Tena alikuwa amechoka kuziba pancha za watu.

Tatizo ni kwamba Mansoor hakuwa msemaji. Hakumwambia ndiyo, hakumwambia hapana, na mtu mkimya humtesa mwenye shida. Polikarpo alianza kusoma kila kitu: namna Mansoor alivyoweka kikombe cha chai, namna alivyosema tutaonana. Mwishowe akapata mahali ambapo kibali cha Mansoor kilionekana kwa macho. Mezani kwa Lucia, Mansoor alikuwa mkuu wa Wachukuzi. Polikarpo akaanza kukijaza kikombe cha Wachukuzi.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alijiambia. Sawa, lakini kuinama nako kuna kiasi. Wapo wanaoinama mpaka wakalamba sakafu.

Jumapili hiyo Wachukuzi walikitaka kisima cha juu, kilichofichwa mlimani. Waliojua njia walikuwa wawili tu, mtu wa Polikarpo na mtu wa Dorosela, wote wazaliwa wa Watu wa Kisima. Dorosela alikuwa muuguzi pale Njombe, naye wa Ludewa, wilaya moja na Mlangali.

"Wakikipata," Lucia alisema, "watu wa mlimani watayanunua maji yao wenyewe."

"Kaka, tuombe muda," Dorosela alisema. "Twende kwanza tukawaulize wazee."

Polikarpo alimtazama Mansoor usoni. Hakuona kitu.

"Mimi nitawapeleka," alisema. "Leo hii."

"Bila kuwaonya wenzako?" Mansoor aliuliza.

Huo ulikuwa mlango uliofunguliwa wazi, na mtu mwingine angepita. Polikarpo alidhani anapimwa uthabiti.

"Bila kuwaonya."

Lucia aliweka harage kwenye kikombe cha Wachukuzi, kikajaa. Kisha akakisogeza kile cha Watu wa Kisima. "Hiki toa yote."

Polikarpo aliyatoa, moja moja.

"Sababu?"

"Wachukuzi ndio wenye nguvu. Watu wa Kisima hawana cha kunipa."

Maneno hayo yalimchoma alipokuwa anayasema, lakini aliyasema.

"Mkataa kwao mtumwa," Dorosela alisema kwa sauti ya chini, akaanza kukusanya maharage yake.

"Umepata kiti katika baraza la Wachukuzi," Lucia alisema bila furaha. "Mkuu, mpokee."

"Karibu," Mansoor alisema, akiangalia jiko.

Walirudi Makambako na lori lililopakia viazi, wao wawili tu mbele, mvua ikinyesha. Polikarpo aliongea njia nzima. Alizungumzia bei ya samaki, akasifu breki za lori, akacheka mwenyewe. Mansoor aliendesha. Walipofika mwanzo wa mji alisimamisha gari kando ya barabara, injini ikiunguruma.

"Juzi nilimwambia mzee wangu kwamba Manda utakwenda wewe."

Polikarpo alihisi machozi yanamlenga. "Ahsante, tajiri."

"Subiri. Leo nitamwambia nimebadili mawazo."

Polikarpo alimgeukia. "Kwa ajili ya maharage? Tajiri, ule ni mchezo tu."

"Ndiyo maana. Pale hukuwa na njaa, wala hakuna aliyekutisha. Nilikupa hata nafasi ya kuwaonya. Manda utakaa na mali yangu na vijana wa watu, mimi nikiwa huku. Akija mwenye nguvu kuliko mimi, itakuwaje?"

Polikarpo alibakiwa na kweli moja, akaamini itamwokoa. "Nisikilize. Sikuwa nikicheza. Nilikuwa nakufuata wewe. Yote nimefanya ili unione, ili unipe Manda. Kwa moyo wangu nisingewauza wale watu. Nilijisikia vibaya pale pale."

Mansoor aligeuka akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Hakuwa na hasira. Alimwonea huruma, na hilo Polikarpo aliliona vizuri.

"Kumbe ulijua unakosea," Mansoor alisema.

Polikarpo alifungua mlango, akashuka kwenye tope. Akaufunga polepole, kwa mikono miwili, Mansoor asije akadhani amekasirika.