Sauti Nyuma ya Chenga

Karakana ya Rebecka ilikuwa katika eneo la viwanda la Jordbro, nchini Sweden, kati ya ghala la matairi na duka la vigae. Humphrey alifika amevaa suti na tai. Binti yake Felicia, aliyebeba mkoba wenye kanda, alikuwa amejizuia kusema tangu walipopanda treni Upplands Väsby. Sasa alishindwa.

"Baba, tai yote hiyo kwa ajili ya mashine?"

"Mashine hii ni ya mwaka sabini na tisa," alisema Humphrey, akiinama kuitazama. "Ni dada yako mkubwa. Iamkie."

"Shikamoo, dada," Felicia aliiambia mashine. Rebecka, fundi Mswidi asiyejua neno la Kiswahili, alitabasamu kwa adabu.

Kanda yenyewe ilikuwa kaseti nene, kubwa kama kamusi. Ilitoka Melbourne mwaka 1981, ikakaa Dar es Salaam, kisha ikahamia Sweden pamoja na Humphrey. Ndani yake kulikuwa na kipindi cha watoto cha alasiri, siku ambayo mwanafunzi wa uuguzi kutoka Tanzania, Veronica, alialikwa studio kuwategea watoto wa Australia vitendawili vya kwao. Kanda ya asili kituo kilikwisha kuifuta. Hii ilikuwa nakala pekee.

Veronica alikuwa mama yake Felicia. Alifariki Machi. Saratani ya koo ilimwondolea sauti kabla Felicia hajatimiza mwaka, na tangu hapo alizungumza kwa kifaa kidogo alichokibana shingoni, kikatoa mngurumo bapa usiopanda wala kushuka. Felicia aliupenda mngurumo ule, kwa kuwa ndio uliokuwa mama. Lakini sauti aliyozaliwa nayo Veronica, Felicia hakuikumbuka hata kidogo, na hapakuwa na mahali pengine iliporekodiwa.

Rebecka alieleza hali bila kuipamba. Utando wa kanda ulikuwa umeanza kuoza na kunata. Alikuwa ameioka kwa joto dogo ili ukauke, lakini ungebaki mkavu kwa muda tu. Ichezwe leo, huku akiinakili kwenye kompyuta, na yeye asingetegemea kwamba itachezeka tena.

Wakati mashine ikipata moto, Humphrey alianza kusimulia miaka aliyosomea ufundi wa televisheni Melbourne, na Felicia, mhandisi aliyefanya kazi Kista na aliyeyasikia masimulizi hayo tangu utotoni, alimwacha aendelee.

"Kamera za rangi nazo zilitaka nusu saa namna hii. Kila asubuhi unaziwekea kadi ya vipimo mbele, unazipatanisha moja moja, maana ukiziachia, mtangazaji huyo huyo huku mwekundu, kule kijani. Studio ilikuwa kiwanda cha biskuti zamani. Siku za joto kuta zilinuka sukari."

"Na nyumbani wakikuuliza unasomea nini?"

"Tanzania Bara hatukuwa na televisheni hata moja! Mjomba wangu aliandika: umevuka bahari kwenda kusomea kitu ambacho hakipo." Alicheka, kisha uso ukatulia. "Kanda zilikuwa ghali, ndiyo maana walizifuta. Vipindi vya miaka mingi, maigizo, watu waliokwisha kufa. Wakarekodi kriketi juu yake. Siku aliyokuja mama yako nilikuwa chumba cha kanda. Nilimwona kwenye skrini kabla sijamwona yeye. Aliingia kutoka kushoto, akapita mbele ya kamera ya pili bila kuitazama. Wageni wote huitazama. Yeye hapana."

Felicia alielewa tai ilikuwa ya nini.

Rebecka alibonyeza. Ilitokea michirizi ya rangi, kisha saa yenye mshale mmoja ukihesabu kurudi nyuma, kisha nyumba ya mbao iliyochorwa na watoto waliokaa sakafuni mbele yake. Mtangazaji mwenye koti la kahawia alisema kwamba leo wana mgeni kutoka mbali. Watoto wakageuza vichwa kushoto.

Picha ikatetemeka, ikachanika katikati, na skrini nzima ikajaa chenga. Sauti ya mtangazaji iliendelea.

"Vichwa vya mashine vinavyosoma picha vimeziba," alisema Rebecka. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. "Nikisimamisha nikasafisha, huenda picha ikarudi. Lakini kanda ikisimama katika hali hii inaweza kunata na kukatika, na sauti ikaenda nayo. Sauti ina kichwa chake, bado ni nzima. Amueni sasa."

"Simamisha," alisema Humphrey, kwa Kiswahili.

"Baba, hapana."

"Anaingia, mwanangu! Anaingia sasa hivi!"

"Sura yake ninayo. Nina albamu nzima."

"Picha za albamu hazitembei."

"Najua. Lakini wewe umewahi kumsikia."

Humphrey aliutazama ule weupe unaochemka. Mahali fulani ndani yake mwanamke alikuwa akitoka kushoto.

"Iache iende," alisema Humphrey kwa Kiswidi, na Rebecka akaondoa kidole.

Mtangazaji alimuuliza mgeni kama taa za studio zinamtisha.

"Taa? Hapana," ilijibu sauti ya mwanamke. "Nawaogopa hawa watoto."

Watoto walicheka. Ilikuwa sauti nzito, yenye mkwaruzo kidogo, isiyo na haraka, iliyoshuka mwishoni mwa kila sentensi kama mtu anayeweka mzigo chini. Aliwafundisha kuitikia tega. Akasema nyumba yake haina mlango. Mtoto mmoja akasema hema, mwingine akasema pango, na yeye akawakatalia wote kwa raha.

Felicia alikuwa ameacha kufuata kitendawili. Sauti ile aliijua. Aliisikia katika ujumbe aliojirekodi kwenye simu, na katika rekodi za mikutano ya kazini, na hakuwahi kuipenda.

Rebecka alimgeukia. "Huyo ni wewe," alisema.

Felicia alimtazama baba yake. Humphrey hakuwa akitazama skrini.

"Ulijua?"

"Tangu una miaka kumi na minne. Uliita kutoka mlangoni, nikaangusha sufuria."

"Na mama?"

"Ndiye aliyenikataza kusema. Alisema ukijua utaona haya kuongea mbele yake. Utaanza kunong'ona ndani ya nyumba. Naye alikuwa anataka kuisikia."

Kwenye kanda watoto walishindwa, wakampa mgeni mji, naye akawaambia ni yai. Muziki ukapigwa, kisha ukimya, na mashine ikasimama yenyewe.

Rebecka aliuliza kuhusu nakala mpya. Angeweza kuziondoa chenga na kuweka weusi mtupu, ili sauti isikike bila kitu cha kuwasumbua macho. Walitaka hivyo?

Felicia alifungua mdomo, akaufunga.

"Sema, mama," alisema Humphrey. "Anakungoja."

"Usikate kitu," alisema Felicia. "Chenga zibaki."

Sauti yake ilishuka mwishoni, kama ile ya kwenye kanda, na safari hii aliisikia.